Pimeni utando ukiwa umelowa

Nimesoma makala nyingi sana za watu wanaotengeneza tando za kuchujia maji za bayopolima, yani polima zinazotoka kwenye mimea na wanyama, za kitosani, za wanga wa mihogo, za selulosi, alafu wanaziongezea nguvu kwa kitu kilichotoka shambani, majivu ya pumba za mpunga, nyuzi za mkonge, maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi, na karibu kila moja ina ule mchoro wa nguvu ya kuvuta unaopanda vizuri mpaka kwenye asilimia 3 au 5 ya kijazo, yani hicho kitu kilichoongezwa, kisha unashuka. Mchoro wenyewe sina ugomvi nao. Ila ukirudi kwenye sehemu ya mbinu unakuta kipande kilikaushwa, kikawekwa kwenye hewa yenye unyevu uliodhibitiwa siku mbili, kikakatwa mikanda myembamba na kuvutwa kikiwa kikavu. Sasa jamani, utando wa kuchujia maji utakaa mkavu saa ngapi?

Hii kitu inaniuma kwa sababu kazi yangu iko humu humu, ndo tando ninazoshinda nazo maabara, na naamini kwa moyo wote kwamba pumba za mpunga za Mbarali, Mbeya, na katani (mkonge) la Tanga vina nafasi ya kweli kwenye usafishaji wa maji. Lakini tukiendelea kutangaza nguvu ya kikavu, siku fundi atakapofunga utando wetu kwenye mtambo wake na ukachanika wiki hiyo hiyo, hatasema kipande kile kilikuwa kibaya, atasema hivi vitu vya wasomi vya mapumba havifai, na huwezi kumlaumu. Kwa hiyo naandika hii hasa kwa wadogo zangu mlioko vyuoni mnaoanza utafiti wa namna hii, na kwa yeyote anayependa kujua kinachoendelea ndani ya hizi karatasi laini.

Kwanza niondoe dhana moja. Kuna watu wakisikia bayopolima wanafikiri ni kitu dhaifu cha majaribio ambacho hakijawahi kufanya kazi ya maana. Mashine ya kwanza ya kusafisha damu ya binadamu mwenye figo zilizofeli iliyokuja kufanya kazi kweli, aliyoitengeneza daktari Willem Kolff pale Kampen, Uholanzi, mwaka 1943 nchi ikiwa chini ya Wajerumani, ilitumia mirija ya selofani, aina ile ile iliyokuwa inatumika kufungia soseji. Selofani ni selulosi, kitu kile kile kilichomo kwenye pamba na kwenye mti. Mgonjwa wa kwanza aliyepona kwa mashine hiyo alikuwa mama mmoja mwaka 1945. Alafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale chuo kikuu cha California, Los Angeles, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wakatengeneza utando wa kwanza wenye uwezo halisi wa kuondoa chumvi kwenye maji kwa shinikizo, nao ulikuwa wa selulosi asetati, yani selulosi iliyobadilishwa kikemia, na mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga ukaanza kupata maji yaliyopita kwenye tando za aina hiyo. Kwa hiyo tando za mimea zilitangulia, plastiki za mafuta ndo zikaja baadae, na moja ya sababu zilizozifanya zichukue soko ni kwamba selulosi asetati inaoza kwa bakteria na inaharibika maji yakiwa na asidi nyingi au magadi mengi. Yani hata kule tatizo lilikuwa ni maisha ya utando ndani ya maji.

Ninayoipenda mimi ni kitosani. Inatoka kwenye kitini, ambayo ipo kwenye maganda ya kamba, kaa na wadudu, hata kwenye uyoga, na kwa kweli ilitambuliwa kwanza kwenye uyoga na Mfaransa Henri Braconnot mwaka 1811. Kwetu chanzo chepesi ni kamba. Nenda soko la samaki la Feri pale Dar asubuhi ukaone ndoo za vichwa na maganda. Kwenye kamba mmoja hivyo vinakaribia nusu ya uzito wake, na visipochukuliwa mapema harufu yake unaijua. Maganda unayaosha, unaondoa chokaa kwa asidi hafifu ya haidrokloriki, unaondoa protini kwa kostiki soda hafifu, hapo una kitini, kisha unaichemsha kitini kwenye kostiki kali ya asilimia 40 mpaka 50 ili makundi ya asetili yaliyoning'inia kwenye molekuli yake yatoke na yabaki makundi ya amino, yani vishikizo vya naitrojeni na haidrojeni. Hayo makundi ya amino ndo utajiri wote wa kitosani. Ndo yanayoifanya iyeyuke kwenye asidi hafifu, na ndo yanayokamata metali zilizoyeyuka kwenye maji, shaba, risasi, zebaki.

Kutengeneza utando wenyewe hakuna maajabu. Unayeyusha kitosani kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 1 au 2, ambayo ni hafifu kuliko siki ya mezani, unakoroga usiku kucha, unachuja uchafu, unaacha mapovu yatoke, unamwaga kwenye sahani bapa na kuacha ikauke. Kesho yake unabandua kitu kizuri mno, kinapitisha mwanga, kina njano kwa mbali, ukikikunja kinalia. Ukikiweka kwenye mashine ya kuvuta hapo kilipo kinatoa namba nzuri tu na unafurahi. Sasa kitumbukize kwenye maji kabla hujakipitisha kwenye kostiki, kinayeyuka chote, kwa sababu bado kina asidi ndani. Kipitishe kwenye kostiki kwanza, kioshe mpaka maji yawe hayana ukali, alafu kitumbukize. Hakiyeyuki tena, ila kingo zinaanza kujikunja, kinanenepa, kinapoteza ule mlio, na baada ya muda ukikibonyeza kwa ukucha ukucha unatoboa. Kipande ni kile kile. Masaa machache tu yamepita.

Kinachotokea ni kwamba kikiwa kikavu minyororo ya kitosani, yani molekuli zake ndefu, imeshikana yenyewe kwa yenyewe kwa vifungo vya haidrojeni, vingi sana, kila kimoja ni dhaifu ila kwa pamoja vinabeba mzigo. Maji nayo yanajua kutengeneza vifungo hivyo hivyo. Yakiingia yanakaa katikati ya minyororo, mnyororo unaacha kumshika mwenzake unashika maji, na utando unavimba. Hakuna kilichovunjika kikemia, kushikana tu ndo kumepungua.

Dawa inayotumika sana ni kuunganisha minyororo kwa kemikali, na inayotajwa kila mahali ni glutaraldehaidi. Inafanya kazi, utando unageuka njano ya kahawia, unakaza, hauvimbi kama mwanzo. Ila angalia inashika wapi. Inashika kwenye makundi ya amino, yale yale tuliyoyahangaikia kwa kostiki kali ili yakamate metali. Kila kiungo unachoweka kinakula amino, kwa hiyo unanunua nguvu kwa kuuza kazi. Na glutaraldehaidi yenyewe ni sumu, mabaki yake hutaki yawe kwenye maji ya mtu kunywa. Ukitumia asidi ya sitriki na joto ni salama zaidi, nayo inakula amino kiasi ila sio balaa. Hapa ndo wazo la kijazo linapopata uzito, kwa maoni yangu. Kijazo kizuri kinaweza kuushika utando bila kula amino nyingi, ukaweka viungo vichache tu vya kemikali badala ya vingi, na utando ukabaki na kazi yake. Ukiniuliza kwa nini nahangaika na pumba, jibu langu ni hilo. Ile habari ya kwamba tando zitamaliza taka za mashambani haimo, na nitaonyesha kwa hesabu.

Pumba za mpunga ni karibu asilimia 20 ya uzito wa mpunga. Ukizichoma zinabaki majivu karibu asilimia 20 ya uzito wa pumba, na majivu yakichomwa vizuri asilimia 85 mpaka 95 yake ni silika, ile ile inayojenga mchanga. Chukua gunia la mpunga la kilo 100: pumba kilo 20, majivu kilo 4, silika tuseme kilo 3 na nusu. Sasa utando wa mita moja ya mraba wenye unene wa maikromita 50 una uzito wa gramu 65 hivi, ukiweka kijazo asilimia 5 ni gramu 3 na kidogo. Maana yake gunia moja tu la mpunga linatosha kijazo cha zaidi ya mita za mraba elfu moja za utando. Gunia moja! Ukiwa na mashine moja ya kukoboa kule Igurusi, Mbarali, una kijazo cha nchi nzima na chenji inabaki. Kwa hiyo mtu akikwambia kwenye andiko la kuomba ufadhili kwamba tando zitamaliza milima ya pumba, muulize amepiga hesabu wapi. Milima ya pumba inaweza kupungua kwa matofali ya kuchoma, kwa nishati, kwa saruji, hata kwa matairi, maana Goodyear wameshaanza kutumia silika ya majivu ya pumba kwenye baadhi ya matairi yao. Kwenye utando pumba inaingia kidogo sana na inatakiwa iwe safi sana.

Na usafi ndo kazi. Nilipita Igurusi kwenye mashine ya mzee mmoja namfahamu, nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwambia nataka pumba kidogo za kazi. Akaniambia, "Zamani ungechukua bure mpaka uchoke, siku hizi watu wa matofali wananunua, ila wewe kiroba kimoja chukua tu." Alafu akanionyesha pembeni rundo la majivu lililotoka kwenye tanuru la matofali, akasema kama unataka majivu si haya hapa yameshachomwa, ya nini kujisumbua? Lilikuwa swali zuri na nikamweleza taratibu. Majivu yale yalikuwa kijivu na meusi, na ukiyasugua kwenye vidole unasikia punje.

Weusi ule ni kaboni, na umefungiwa ndani kwa sababu ya potasiamu. Pumba zina potasiamu, ikipata moto inayeyuka pamoja na silika inatengeneza kama kioo, kaboni inabaki ndani ya kioo haipati hewa, haiungui tena hata uongeze moto. Kwa hiyo unatakiwa kuitoa potasiamu kabla ya kuchoma, unachemsha pumba kwenye asidi ya haidrokloriki hafifu saa moja au mbili, au hata asidi ya sitriki ambayo ni rafiki zaidi, unaosha sana, unakausha, ndo unachoma. Jambo la pili ni moto. Ukichoma kati ya nyuzi 500 na 700 za Selsiasi silika inabaki bila mpangilio wa fuwele, ina vinyweleo, ina eneo kubwa la uso na makundi mengi ya haidroksili ya kushikana na kitosani. Ukivuka 800 kwenda juu inaanza kugeuka fuwele, inakuwa kristobaliti, uso wake unapungua na makundi yale yanapotea, na baya zaidi vumbi la silika ya fuwele linaua mapafu, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa waliliweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1997. Ndani ya tanuru la matofali hujui moto umefika wapi. Kwa hiyo yale majivu ya bure pale pembeni sikuyachukua, na wanafunzi wangu nawaomba msiyasage na kuyapepeta bila barakoa ya maana.

Pumba zilizooshwa na kuchomwa kwa nyuzi 600 au 700 zinatoka nyeupe pee, bado zina umbo la pumba, yani unaona kabisa ile mistari ya ganda la mpunga, ila ukigusa linakuwa unga mara moja. Ni kitu kizuri kukiangalia. Unaweza kuusaga ukautumia hivyo, au ukaupikia kwenye kostiki iyeyuke iwe sodiamu silikati, kisha ukarudisha kwa asidi taratibu mpaka igande, ukaosha chumvi. Mimi naipenda njia ya pili, na siikaushi, naitunza ikiwa rojo lenye maji. Ukishaikausha chembe zinashikana zenyewe na hata ukisaga vipi hazirudi kuwa ndogo kama mwanzo, na zikiingia kwenye utando zikiwa zimeganda pamoja zinakuwa ndo mahali ufa unapoanzia. Ndo maana ule mchoro unashuka baada ya asilimia 5: chembe zikiwa nyingi zinakutana zenyewe kabla hazijakutana na kitosani. Kabla ya kukimbilia darubini ya elektroni, shika utando wako mbele ya dirisha. Ukiona vidoa vyeupe, hiyo asilimia uliyoandika kwenye daftari siyo unayoipima.

Kuna jambo moja kuhusu silika na kitosani ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Silika hii isiyo fuwele inayeyuka kwenye kostiki, hasa ikiwa ya moto, ndo njia tuliyoitolea hapo juu. Na kitosani lazima ipite kwenye kostiki ili isiyeyuke kwenye maji. Umeona mgongano? Ukitumia kostiki kali ya moto unaiosha silika yote itoke na unabaki na matundu, na kweli kuna watu wanafanya hivyo makusudi kutengeneza utando wenye vinyweleo vikubwa, ni mbinu nzuri tangu miaka ya 90. Lakini kama lengo lako lilikuwa kijazo kibaki kibebe mzigo, umekitoa mwenyewe alafu unaandika "asilimia 5 ya silika". Tumia kostiki hafifu, ya baridi, muda mfupi, kisha choma kipande cha utando uliomalizika kwenye tanuru na upime majivu yake. Kitosani inaungua, silika inabaki. Tanuru lipo kwenye kila maabara na kipimo hiki hakigharimu kitu. Pima na kipande kisicho na silika uone majivu yake ni kiasi gani, toa tofauti, basi, hiyo ndo silika yako ya kweli. Natamani kila makala ya kitosani na silika iwe na namba hii.

Nije kwenye mkonge, maana ndo nauona una nafasi kubwa kuliko pumba. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani, nyuzi zinazotoka ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wake, zilizobaki ni maji, nyama ya jani na nyuzi fupi ambazo haziuziki kwa kamba. Kule Hale, Tanga, wameshatumia mabaki haya kutengeneza biogesi, na ni jambo la maana. Zile nyuzi fupi zina selulosi ya kutosha, theluthi mbili hivi ya uzito, na ndani ya selulosi kuna sehemu za fuwele zenye ukakamavu wa takriban gigapaskali 100 mpaka 150. Chuma ni 200, lakini chuma kina uzito wa karibu mara tano, kwa hiyo ukigawa kwa uzito selulosi inashinda chuma mbali sana. Mtu akiniambia ni taka ya mashambani tu nashindwa kumwelewa.

Kuzitoa zile fuwele njia ya vitabuni ni asidi ya salfuriki ya asilimia 64, joto la nyuzi 45 za Selsiasi, chini ya saa moja, baada ya kutoa lignini, ile gundi ya asili ya mmea, na kupausha. Asidi inakula sehemu laini inaacha vijiti vya fuwele vya nanomita, na inaviachia makundi ya salfati yenye chaji hasi. Chaji hasi hiyo ndo dhahabu. Kitosani kwenye asidi ina chaji chanya, zikikutana zinashikana kwa umeme, kifungo ambacho ni kigumu zaidi kwa maji kukifungua kuliko kile cha haidrojeni peke yake. Ila zinashikana haraka mno. Ukimwaga yote kwa pamoja unaona mabonge meupe yanajitokeza pale pale mbele ya macho yako, kazi imeisha. Zifanye zote mbili ziwe nyepesi, dondosha vijiti tone kwa tone huku stira inazunguka kwa nguvu, na uwe na subira. Na bei ya njia hii lazima isemwe: kila gramu ya selulosi inataka mililita kama 10 au zaidi za asidi hiyo, na yote inabaki imechafuka baada ya kazi. Kwa petri dishi, kisahani cha maabara, sawa. Kwa kiwanda cha Tanga bila mfumo wa kuirudisha asidi ni kuchafua mto ili usafishe maji. Ndo maana kwa kazi ya kweli naona bora nyuzi za nano, yani nyuzi nyembamba mno za selulosi, za kusaga kwa mashine, zinakula umeme lakini hazikuachii pipa la asidi.

Sasa kuhusu maji, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2008 watafiti wa Cleveland, Marekani, walichapisha kazi waliyoichukulia wazo kutoka kwa jongoo bahari, huyu huyu wa pwani yetu, ambaye ukimgusa ngozi yake inakakamaa na ukimwacha inalegea. Walichanganya vijiti vya selulosi kwenye polima laini. Vikiwa vikavu vijiti vinashikana kuwa mtandao na kitu kizima kinakuwa kigumu. Wakikiingiza kwenye maji, maji yanakata ile mishikano ya kijiti kwa kijiti, na ugumu unaanguka vibaya. Wao walikitaka hicho, walikuwa wanatafuta kitu kinachobadilika, wakifikiria mambo kama vifaa vya kuingiza kwenye ubongo vinavyoingia vigumu alafu vinalainika. Kwetu sisi wa kuchuja maji ni onyo kubwa. Kijazo kile kile kinachokupa mchoro mzuri ukiwa mkavu kinaweza kujizima chenyewe ndani ya maji. Namba ya kikavu haikuambii hata kidogo kama yako ni ya namna hiyo.

Kwa hiyo pimeni ikiwa imelowa, na kulowa kwenyewe kuna adabu yake. Loweka kipande masaa 24 kwenye maji ya aina itakayokutana nayo, kama maji ya huko yana asidi basi loweka kwenye asidi hiyo. Kitoe, futa maji ya juu kwa karatasi ya chujio, usikiache mezani ukaenda kunywa chai maana kinaanza kukauka na namba inapanda. Pima unene wake hapo hapo kikiwa kimelowa. Hili watu wengi wanalipita: utando umenenepa, ukitumia unene wa kikavu kwenye hesabu unagawa kwa eneo dogo kuliko lililopo na nguvu inatoka kubwa ya uongo. Kwenye vibanio weka msasa laini au raba, kitu kilicholowa kinateleza. Vuta. Alafu kwenye jedwali weka kikavu na kilicholowa pembeni kwa pembeni, hata kama cha pili kinatia aibu.

Kama huna mashine ya kuvuta, tumia kimo cha maji. Funga utando juu ya wavu wa kuushikilia, mwisho wa bomba, na panda na maji. Kila mita 10 za kimo ni karibu baa moja. Simtanki lililokaa juu ya mnara wa mita 3 linatoa karibu theluthi ya baa, na hicho ndo kipimo cha maisha halisi kwa zahanati au shule ya kijijini. Utando wako ukishika hapo mwezi mzima, ukakaushwa likizo tanki likiwa tupu na kulowa tena shule zikifunguliwa, una kitu. Wakati mwingine kinachoua ni kule kukauka na kulowa, kila mzunguko unavimba na kusinyaa na ufa unaanzia kwenye chembe kubwa.

Naandika haya yote nikiwa na Chunya akilini. Ni mkoa mmoja na Mbarali, mpunga huku dhahabu kule. Wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwenye makarasha, wanakamatia dhahabu kwa zebaki, na zebaki nyingine inaondoka na maji na marudio, yani mchanga unaobaki baada ya kukamatia dhahabu. Nasema kwa uangalifu hapa: utando wa kitosani hauchukui tone la zebaki linalong'aa chini ya beseni, unachukua zebaki iliyoyeyuka kama ioni. Na pale marudio yanapopelekwa kwenye sayanaidi kutolewa dhahabu iliyobaki, zebaki inavaa sayanaidi, inageuka kitu kingine chenye chaji hasi au kisicho na chaji, na kitosani haikikamati vile vile. Kwa hiyo sitaki mtu aende kuwauzia wachimbaji karatasi kwa jina la tiba. Lakini maji ya kunywa ya kijiji cha jirani yenye ioni kidogo za metali, hapo panafaa, na hapo ndo amino zilizobaki bila kuliwa na glutaraldehaidi zinaleta tofauti. Nilimweleza mzee mmoja wa Makongolosi, akaniuliza swali moja tu, "Na hicho kikaratasi kikishajaa hiyo sumu, mnakipeleka wapi?"

Hilo ndo swali ambalo watu wa fani yangu hatulijibu vizuri, na kijazo kinaingia hata hapo. Utando uliojaa zebaki unaweza kuoshwa kwa myeyusho wa thiorea, kemikali inayoing'oa zebaki, wenye asidi kidogo ukatumika tena, lakini ile asidi ndo inayoiyeyusha kitosani isiyounganishwa. Utando uliokazwa kwa vijiti vya mkonge vyenye salfati na viungo vichache vya sitriki una nafasi ya kustahimili maosho kadhaa, na idadi ya maosho hayo kabla haujachanika inatakiwa iwe kwenye jedwali lile lile la kikavu na kilicholowa. Ukishindwa kabisa kuosha, usiuchome kienyeji kwa sababu zebaki inapanda hewani, na kwenye ardhi bayopolima itaoza, ambayo kila siku tunaisifia kuwa ni uzuri wake, na metali itarudi pale pale kwenye maji. Inabidi zikusanywe na kuhifadhiwa kama taka hatarishi, na kama mradi wako hauna bajeti ya kukusanya tando zilizotumika, iweke kabla hujapeleka hata moja kijijini.